Uzi: Bolti na skrubu, tofauti yake hasa iko wapi?

Mleta uzi

Wakuu habari za saa hizi. Nimeona niufungue huu uzi maana kila ikitajwa bolti lazima atokee mtu kusahihisha kwamba hiyo ni skrubu, mwingine anadai ni parafujo, wanabishana weee mwisho kila mtu anaondoka na lake. Mimi kazi yangu ni mashine na kwa kweli hili naliona kubwa kuliko ubishi wa majina, kwa sababu ukiagiza kwa jina tupu unaletewa kitu kinachofanana, unakifunga, kinashika vizuri kabisa, halafu kinakuja kuachia baadaye wakati mzigo umeshapanda juu yake.

Tuanze na tunavyoita sisi wenyewe. Wengi tunaita kwa kuangalia kifaa cha kufungulia, kama inafunguliwa kwa bisibisi basi skrubu, kama inafunguliwa kwa spana basi bolti, kwisha habari. Na niseme ukweli njia hii si mbaya, mara nyingi inakupeleka panapotakiwa kwa sababu vitu vidogo vya bisibisi kweli huwa ni skrubu na mavitu makubwa ya pembe sita mengi ni bolti. Ila inakwama haraka sana. Kuna zile nene za mbao, zina ncha kali kama ya skrubu na kichwa cha pembe sita cha spana, hizo ziko upande gani? Kuna vile vidogo vya kichwa cha nyota vinapita tundu kwa tundu na nyuma vinafungwa nati, na hivyo je? Halafu zile za kichwa cha duara chenye shimo la pembe sita katikati, zinazofunguliwa kwa kile kifunguo chenye umbo la L, ukifuata kifaa hazipo huku wala kule.

Wengine wanatumia ncha. Yenye ncha skrubu, iliyokatwa butu bolti. Hii nayo haifiki mbali maana skrubu zinazofunga kifuniko cha mashine nyingi ni butu kabisa, zinaingia kwenye shimo ambalo limeshakatwa meno, sasa ncha ya nini?

Kigezo ninachokiamini mimi, na ndicho ambacho vitabu vya ufundi mitambo vinakishikilia, ni kuuliza swali moja tu, UNAZUNGUSHA NINI ILI IKAZE? Bolti imetengenezwa ipite kwenye tundu lisilo na meno, itokee upande wa pili, ishikwe na nati, na anayefanya kazi ya kukaza ni nati. Skrubu imetengenezwa izungushwe kichwa, na meno yake yashike ndani ya kitu chenyewe, iwe ni shimo lililokwisha katwa meno (kwenye chuma) au imejikatia yenyewe njia (kwenye mbao, plastiki, bati). Kwa hiyo bolti haishiki mbao wala chuma unachokifunga, inavibana tu katikati ya kichwa na nati. Skrubu yenyewe inashikilia nyama ya kitu kile.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ile bolti ya kichwa cha duara laini yenye shingo ya mraba chini ya kichwa, mnaijua wale wa mageti na mabenchi ya mbao. Juu hapo hakuna pa kushika, huwezi kuweka bisibisi wala spana, shingo ya mraba inajichimbia kwenye mbao isizunguke, na njia pekee ya kuikaza ni nati upande wa pili. Hiyo ni bolti hata ukiiamsha usiku. Kwa upande mwingine chukua skrubu ya mbao yenye mwili unaopungua kuelekea kwenye ncha, hiyo huwezi kuivalisha nati hata ukitaka, basi ni skrubu. Ugomvi wote uko katikati ya hizo mbili.

Karibuni wadau, hasa mafundi.

spana17

Mkuu umeeleza vizuri lakini mimi fundi magari na hapo kwenye nati sikubaliani na wewe hata kidogo. Bolti za silinda hedi (kile kipande cha juu cha injini) hazina nati, zinaingia moja kwa moja kwenye bloku, yaani mwili wa injini, unazungusha kichwa. Bolti za injini kwenye mauntini nyingi hivyo hivyo. Hata tairi, gari nyingi za Ulaya kama Volkswagen na BMW ringi inafungwa kwa bolti zinazoingia kwenye habu hakuna nati yoyote, wakati Toyota zina stadi (vijiti vya meno visivyo na kichwa) zilizotokeza na unakaza nati. Sasa kwa kigezo chako bolti ya hedi ni skrubu? Nenda gereji yoyote kaulize skrubu za hedi uone kama kuna mtu atakuelewa.

Mleta uzi

Ndugu yangu spana17 umegusa penyewe, hiyo hoja ndiyo nzito kuliko zote kwenye huu mjadala. Ukifuata kigezo kwa ukali ndiyo, ya hedi inafanya kazi ya skrubu, kichwa kinazungushwa na meno yanashika kwenye bloku. Ila jina lake kwa mafundi ni bolti na litabaki bolti, hata Waingereza wenyewe ambao neno limetoka kwao wanaiita bolti ya hedi. Jina la kazini likishakaa halitoki kwa sababu kitabu kimesema.

Lakini usikitupe kigezo, kwa sababu hakihusu jina, kinakwambia pa kuangalia pakiharibika. Kwenye kiungo cha nati, meno yakiliwa unatupa bolti na nati unaweka mpya, kazi imeisha. Kwenye hedi meno yakiliwa ndani ya bloku, hasa bloku ya alumini, umeharibu bloku yenyewe, itabidi uchimbe upya na uweke kile kikoili cha meno, waya uliosokotwa unaokaa shimoni kama meno mapya. Ndiyo maana kitu kinachoingia kwenye alumini kinatakiwa kizame ndani zaidi, kwenye chuma cha pua au chuma cha kawaida urefu wa kushika ulio sawa na unene wa bolti yenyewe unatosha, kwenye alumini mafundi wanakwenda mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene. Yaani ya milimita 10 iingie angalau milimita 15. Hilo swali la kina linakuwa muhimu pale unapojua kwamba kinachoshika ni kitu chenyewe na si nati.

Halafu ongezea hapo hapo kwa faida ya wengine, hizo za hedi kwenye injini nyingi za kisasa zinakazwa kwa toki (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kisha kwa digrii za kuzungusha zaidi, zinavutwa mpaka zinarefuka kidogo na hazirudi. Hizo ni za kutumia mara moja, ukifungua hedi unanunua seti mpya, usirudishie za zamani hata kama zinaonekana nzima.

BintiSeremala

Mimi niko upande wa mbao. Kwetu sisi ukisema parafujo au skrubu ni kitu kimoja, na bolti tunazitumia kwenye miguu ya kitanda, meza nzito na mageti. Swali langu kaka, hizo nene za mbao zenye kichwa cha spana ulizozitaja mwanzo hujazijibu. Zinaitwaje? Maana wengine wanaziita bolti za mbao na mimi naona zina ncha.

Mleta uzi

Dada hizo ni skrubu bila wasiwasi, kichwa kimefanana na cha bolti kwa sababu ni nene na zinahitaji nguvu ya spana, bisibisi isingeweza. Zinashika kwenye mbao yenyewe. Na hapa ndipo jina linaweza kukuumiza, mtu akikuagizia "bolti za mbao" dukani anaweza kupewa zile za shingo ya mraba na nati, akafika kazini nyuma hakuna pa kufunga nati.

Parafujo ni neno lililotoka kwa Wareno, kwao parafuso linabeba vyote viwili, skrubu na bolti. Wajerumani nao wana neno moja tu la hivyo vyote, Schraube. Kwa hiyo msione kama sisi ndio wa ajabu kuchanganya, kuna watu wanatengeneza mashine bora kabisa na hawajawahi kuona haja ya kuyatenganisha, wakitaka kuagiza wanataja namba ya kiwango.

Kuhusu kitanda nitasema jambo moja maana naliona likikosewa sana. Pale ubavu wa kitanda unapokutana na mguu, skrubu inaingia kwenye ncha ya ubao, yaani inafuata nyuzi za mbao badala ya kuzikata. Hapo skrubu inashika vibaya, ile mbao ya katikati ya meno inachanika na kutoka kama unga. Na kitanda kinayumba kila siku, si mzigo uliotulia. Pale weka bolti yenye nati, na washa pana (kile kibati cha duara chenye tundu) pande zote mbili ili nati isizame kwenye mbao. Unaweza kuikaza tena mwaka ujao ikilegea, skrubu ikishakula mbao yake hukazi tena chochote. Skrubu iache kwenye mbao inayoingia kwa ubavu, na uitobolee kwanza njia nyembamba isije ikapasua.

BintiSeremala

Hapo kwenye ncha ya ubao nakuunga mkono asilimia mia. Naomba niongeze, zile skrubu nyeusi za jipsamu watu wanafungia kila kitu siku hizi kwa sababu zinaingia haraka na mashine. Zimepikwa kwa moto zikawa ngumu lakini zinakatika bila kupinda. Msumari ukizidiwa unapinda unauona, ile nyeusi inakatika kichwa ghafla. Msizifungie rafu ya kubeba vitu vizito wala kitanda cha mtoto tafadhali.

mzee_wa_mtambo

Vijana mnajitahidi. Kuna jambo mmeliruka, viwango vya kimataifa havifuati hicho kigezo cha nati. Angalieni ISO 4014 na ISO 4017. Zote mbili ni kichwa cha pembe sita, unene ule ule, spana ile ile. Ya 4014 ina sehemu laini chini ya kichwa halafu ndiyo meno, hiyo wanaiita bolti. Ya 4017 ina meno mwili mzima mpaka karibu na kichwa, hiyo wanaiita skrubu. Wale wa zamani tulizijua kwa namba za Kijerumani DIN 931 na DIN 933. Hapo nati haikutajwa kabisa.

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Umesema kweli kabisa na nilikuwa naelekea huko. Kwa hiyo tuna vipimo viwili vinavyogongana, kimoja kinaangalia unakaza kwa nati au kwa kichwa, kingine kinaangalia mwili una sehemu laini au hauna. Ile ile ya 4017 ukiipitisha kwenye tundu na kufunga nati, mwenye kipimo cha kwanza atasema bolti, ISO inasema skrubu. Na wote wako sahihi kwenye ukurasa wao.

Kwangu mimi kipimo cha pili kina faida kubwa ambayo haihusiani na jina. Ile sehemu laini haipo kwa urembo. Pale vyuma viwili vinapotaka kuteleza kimoja juu ya kingine, kama kwenye bawaba au mkono wa mashine unaochezacheza, vinaikata bolti kwa ubavu. Ukikuta mstari wa kukatia umeangukia kwenye meno, hapo chuma ni chembamba kwa sababu meno yamechimbwa ndani, na kila shina la jino ni mahali pa ufa kuanzia. Sehemu laini ina unene kamili na haina mikwaruzo ya kuanzishia ufa. Kwa hiyo kwenye kiungo kinachocheza chukua yenye sehemu laini na uhakikishe urefu wake unavuka mstari wa vyuma viwili. Yenye meno mwili mzima weka pale inapobana tu, kifuniko, flenji, bamba.

Mtu anayekwenda kuagiza akisema "nataka bolti" hajasema hilo lolote.

spana17

Haya hapo nimekuelewa. Sasa na hili la namba. Sisi tunasema bolti ya 10, ya 12, ya 14, ya 17. Juzi dogo kaenda dukani kutaja ya 13 kwa jina tu bila kubeba sampuli, karudi na dubwana la milimita 13 sijui wamelitoa wapi.

Mleta uzi

Hiyo namba unayoitaja ni ya spana, upana wa kichwa, si unene wa bolti. Na inadanganya kwa sababu kichwa kinategemea imetoka kiwango gani. Bolti ya M8, yaani meno yake yana unene wa milimita 8, kwenye mashine nyingi za Ulaya inakuja na kichwa cha 13. M8 hiyo hiyo kwenye magari ya Kijapani ina kichwa cha 12. M10 kwa DIN ya zamani ni 17, kwa ISO ni 16, kwa gari ya Kijapani ni 14. Ndiyo maana boksi ya spana ya fundi wa Toyota zilizochakaa ni 10, 12 na 14, wakati fundi wa gari za Kijerumani anamaliza ya 13 kwanza.

Sasa hapo bado hujataja meno. M10 ya kawaida jino hadi jino ni milimita 1.5, lakini kwenye magari ya Kijapani M10 ya 1.25 imejaa tele. Ukichukua nati ya 1.5 ukaiweka kwenye bolti ya 1.25 itaingia mizunguko miwili mitatu kisha inagoma, na mtu akidhani ni kutu anaweka bomba kwenye spana na kulazimisha, meno yote yanaondoka. Ikigoma mapema hivyo toa, linganisha na nyingine, usilazimishe. Zile za inchi nazo zinaleta balaa jingine, 5/16 ina unene wa milimita 7.94 na M8 ni 8, kwa macho hazitofautiani kabisa. Meno ya Kiingereza ya zamani ya Whitworth, yale ya mwaka 1841, yana pembe ya digrii 55, ya metriki ni 60, kwa hiyo hata yakikubaliana kuingia hayakai vizuri.

Ukitaka kuandika kwenye karatasi andika hivi: M10 x 1.25 x 60, kichwa cha pembe sita, meno nusu au meno mwili mzima, 8.8. Hapo hata muuzaji akiita kidudu utapata chenyewe.

mgeni_wa_ufundi

Samahani wakuu mimi si fundi, najifunza tu. Hiyo 8.8 ni nini? Naiona juu ya vichwa na nilidhani ni saizi.

mzee_wa_mtambo

Marahaba kwa yule wa juu. Mwanangu, 8.8 ni nguvu ya chuma chenyewe. Namba ya kwanza zidisha kwa 100 unapata megapaskali za kukivuta mpaka kikatike, yaani 800. Ya pili ni sehemu ya hizo ambapo kinaanza kurefuka bila kurudi, nane ya kumi, kwa hiyo 640. Ipo 4.6 laini ya kazi za kawaida, ipo 10.9 na 12.9 za mashine nzito. Za inchi za Marekani hazina namba, zina vistari kichwani, vitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8. Skrubu za mbao hazina alama hiyo. Yenye alama usiibadilishe na isiyo na alama, hata kama imeingia vizuri.

bandarini

Mimi nashughulika na nyaraka za mizigo. Kwenye mfumo wa kimataifa wa ushuru hivi vyote viko kichwa 7318. Skrubu za mbao zina kifungu chake 7318.12, za kujikatia meno zenyewe 7318.14, nati 7318.16, halafu 7318.15 ni "skrubu na bolti nyingine" zimewekwa chungu kimoja. Ila Marekani wao ndani ya hicho wamezitenganisha tena na ushuru wake haufanani, mpaka forodha yao ikatoa mwongozo maalumu wa kufundisha wafanyabiashara ipi bolti ipi skrubu. Na mwongozo unaegemea kule kule kwa mleta uzi, imekusudiwa kukazwa kwa nati au kwa kichwa.

Mleta uzi

Asante sana mkuu, hiyo ya forodha inaonyesha kwamba hata wakubwa imebidi wakae chini waandike. Na neno zuri hapo ni "imekusudiwa". Haiangaliwi umeitumiaje wewe jana, inaangaliwa ilitengenezwa kwa kazi gani.

mgeni_wa_ufundi

La mwisho kaka. Kama bolti ina kichwa cha spana na nati pia ya spana, nikaze upande upi? Au yoyote tu?

Mleta uzi

Shika kichwa kisizunguke, zungusha nati. Ukizungusha kichwa mwili mzima wa bolti unajisugua kwenye tundu, nguvu nyingine inaishia humo na wewe mkononi unahisi imekaza kumbe bado haijavutika. Hata ukifanya vizuri, takriban sehemu tisa ya kumi ya nguvu yako inaliwa na msuguano chini ya nati na kwenye meno, ni kama moja ya kumi tu inayobaki ya kubana. Kwa hiyo kutu, mchanga au mafuta kwenye meno vinabadilisha kila kitu, safisha kwanza kwa brashi ya waya. Na kama kitabu cha mashine kimetoa kipimo cha toki kwa meno makavu usipake grisi halafu ukafuata kipimo kile kile, utaivuta kupita kiasi.

Kama upande wa nati mkono haufiki kabisa, kaza kwa kichwa lakini weka washa chini yake, na nati mshikishe mtu spana upande wa pili. Washa inakwenda chini ya kile unachokizungusha.